Waya Juu, Bomba Chini

Wazee wa Isiolo, kaskazini mwa Kenya, wanakikumbuka kizuizi cha barabarani. Aliyetaka kuendelea kaskazini alisimamishwa, akaandika jina lake, namba ya gari na aendako, ndipo akafunguliwa njia. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1902 iliruhusu nchi yote ya huko juu ifungwe, na nyingine ya mwaka 1934 ikawabana zaidi wenyeji wenyewe wasitoke bila pasi. Uhuru ulipokuja Desemba 1963, kabla mwezi haujaisha hali ya hatari ilikuwa imeshatangazwa huko. Vita vya Shifta, vya waliotaka kujitenga, vikapiganwa hadi 1967, na sheria zake za dharura zikabaki vitabuni mpaka 1991. Mtoto aliyezaliwa Marsabit mwaka wa uhuru alifikisha miaka 28 ndipo akaanza kuishi chini ya sheria zilezile za mwenzake wa Nyeri.

Siku hizi pana lami, karibu kilomita 500 kutoka Isiolo hadi Moyale kwenye mpaka wa Ethiopia. Ilikamilika katikati ya muongo uliopita. Kabla yake watu walisafiri juu ya malori ya ng'ombe: mifugo chini, abiria wamekalia vyuma juu yake, vumbi hadi kwenye meno, na mvua ikinyesha hakuna aliyejua atafika siku gani. Dereva wa basi nililopanda aliwahi kuwa utingo wa malori hayo. "Mzee, hapa tulikuwa tunalala," aliniambia, akinionyesha korongo tulilolipita bila hata kupunguza mwendo. Akasema abiria wake wa zamani, wakielekea Nairobi, walikuwa wakiaga nyumbani kwamba wanakwenda Kenya.

Maneno hayo hayakunishangaza. Mimi ni mtu wa Dar es Salaam, na kusini ya nchi yetu niliijua kwa miaka mingi kabla sijaiona kaskazini ya jirani. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu. Mto ukifurika au pantoni ikiharibika, Lindi na Mtwara ziligeuka kisiwa. Hata daraja lilipokwisha, kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 hivi, kilikawia kupata lami kuliko vipande vyote, na masika mabasi yalikwama kwenye tope foleni nzima. Mtu wa Mtwara aliyekuwa njiani nyakati hizo naye alikuwa na maneno yake kuhusu serikali, mengi hayaandikiki.

Lakini kusini haikufungwa na sheria yoyote. Hakuna aliyeandikiwa pasi Kibiti. Tena Benjamin Mkapa, mtu wa Masasi, alikaa Ikulu miaka kumi. Hapo ndipo safari hii iliponisumbua kichwa tangu Isiolo: nchi mbili zilizoendeshwa kwa namna tofauti kabisa, zikaishia kuwa na pembe moja kila moja ambayo watu wake wanazungumza kwa sauti ileile.

Kenya angalau iliandika. Waraka Namba 10 wa mwaka 1965, ambao Tom Mboya aliusimamia akiwa waziri wa mipango, uliamua kwamba fedha za maendeleo ziende pale zitakapozaa haraka: penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme, penye watu walio tayari kwa maendeleo. Kwa hiyo aliyekuwa na reli ya mkoloni na shamba la mlowezi akaongezewa, na aliyekuwa na ngamia akaambiwa asubiri faida itakapomwagika kutoka juu. Katika waliouchambua waraka huo hadharani mwaka uleule alikuwamo mchumi kijana, Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Hakusikilizwa. Miaka 50 baadaye utafiti wa serikali ya Kenya yenyewe kuhusu bajeti za kaya, wa 2015/16, ulikuta asilimia 16.7 ya watu wa Nairobi ni maskini. Marsabit walikuwa asilimia 63.7, Mandera 77.6 na Turkana 79.4. Tofauti hiyo ilipangwa ofisini, na karatasi yake ipo.

Waraka ule ungekuwa na uzito mdogo kama Marsabit ingekuwa na mahali pa kuupinga. Katiba ya uhuru ilikuwa na majimbo yenye mabaraza yake, lakini hayakumaliza miaka miwili. KADU, chama kilichoyatetea, kilijivunja Novemba 1964, na jamhuri iliyozaliwa Desemba hiyo ikamwachia rais wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya na machifu, ngazi ileile aliyoijenga Mwingereza. Chifu wa Laisamis, mji mdogo wa Marsabit, alijibu kwa aliyemteua, naye kwa aliyemteua, mpaka Nairobi. Hakuna mlango katika ngazi hiyo uliofunguliwa kwa kura ya mfugaji.

Laisamis ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Ziwa Turkana. Kampuni ya umeme wa upepo iliitengeneza, kilomita 208, ili mapanga ya mitambo yaliyoshushwa Mombasa yaweze kufika. Mitambo yenyewe iko 365, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310. Wakati ilipojengwa, mradi huo ulitajwa kuwa mkubwa kuliko yote ya upepo Afrika. Ukiwa chini yake unasikia mvumo wa kufululiza, na upepo wa Sarima, kijiji cha hapo, ni wa kukulaza ubavu kweli. Mitambo haikuwekwa pale kwa bahati nasibu. Kutoka hapo waya mkubwa unasafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, karibu na Nairobi. Mitambo ilikamilika mapema, waya ukachelewa hadi Septemba 2018, na katika kipindi hicho wateja wa umeme wa Kenya wakabebeshwa fidia ya umeme usiofika popote.

Chini ya waya huo niliona manyatta, na ndani ya manyatta tochi za sola za kuning'iniza. Mama mmoja wa Kiturkana aliyekuwa akiuza shanga kando ya barabara alinieleza jambo lake bila hasira yoyote, kama mtu anayetaja hali ya hewa: umeme unapita juu, hauna ngazi ya kushukia. Ekari 150,000 zilikodishwa kwa mradi huo, na mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati zake zilitolewa kinyume cha utaratibu, kwa kuwa ardhi ya jumuiya haigawiwi bila jumuiya kuulizwa. Mvutano wa kisheria haukuishia hapo. Ninachotaka msomaji akione ni tarehe: ardhi ilitolewa kabla ya kaunti za sasa kuwapo, na baraza la kaunti ya zamani lililohusika lilikuwa chini ya kidole cha waziri mmoja wa serikali za mitaa jijini Nairobi.

Mjini Marsabit nilipita mbele ya ofisi mbili zisizopendana sana. Moja ni ya gavana, aliyechaguliwa kwa kura. Nyingine ni ya kamishna wa kaunti, aliyeteuliwa na kumwakilisha rais. Katiba ya Agosti 2010 ilizaa kaunti 47 na kuagiza zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini ile ngazi ya zamani haikung'olewa; ilipakwa rangi na kubadilishiwa majina. Machifu bado wapo, na bado wanajibu juu.

Hata hivyo kilichobadilika kinaonekana kwa macho. Wajir na Mandera zilipata lami ya mjini kwa mara ya kwanza baada ya kaunti kuanza mwaka 2013, yaani nusu karne baada ya uhuru. Hospitali za miji hiyo zikapata madaktari na vifaa vya upasuaji. Kijana mmoja muuza simu alinitajia kwa kidole miradi iliyofanywa na gavana huyu, na ile iliyoliwa na yule, na jina la mwakilishi wa wadi yake aliyejenga ghorofa tangu achaguliwe. Nilimwuliza kama haoni uchungu. Alicheka. Zamani, alisema, pesa zilikuwa zinaliwa Nairobi na yeye hajui hata nani anazila.

Jibu hilo nimelichukua kwa uzito wake wote, mazuri na mabaya. Ulaji umegatuliwa kweli. Na kiti cha gavana kilipopata thamani, kikapata pia damu. Mwaka 2013 Wagabra, Warendille na Waburji waliungana wakakinyakua kiti cha Marsabit, Waborana wakabaki nje, na kabla mwaka haujaisha Moyale ilikuwa inawaka, watu wakivuka mpaka kukimbilia Ethiopia. Ajira za kaunti zinahesabiwa kwa kabila mpaka leo. Hapo nilimkumbuka mwalimu mmoja huko Newala, kusini ya Tanzania, mtu wa Kagera, aliyepangiwa kituo kule akaoa kule, na watoto wake wanaongea Kimakonde. Marsabit nilikuta ni vigumu kumweleza mtu habari hiyo akaamini. Serikali kuu ya Tanzania, iliyogawa walimu na nafasi za shule kwa nchi nzima bila kuuliza baba yako nani, ilijenga kitu ambacho kaunti 47 hazijakijenga. Wanaotaka tuige Kenya kwa pupa wasilisahau hilo.

Nilirudi kusini msimu wa korosho, kwa njia ya Kilwa. Kwa sehemu ndefu ya njia hiyo bomba la gesi linakwenda nawe chini ya ardhi, na alama zake zimesimikwa kando. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 500, limejengwa kwa mkopo wa China, linaanzia Madimba mkoani Mtwara na kuishia Kinyerezi, Dar es Salaam, kwenye mitambo ya umeme. Lilizinduliwa Oktoba 2015. Kule Sarima waya unapita juu ya vichwa. Huku bomba linapita chini ya nyayo. Na yote mawili yanaelekea mji mkubwa. Katika miaka hiyohiyo Mtwara na Lindi zilikuwa zinawashiwa taa na mtambo mdogo wa gesi ulio nje ya gridi ya taifa. Mtambo ukikohoa, mikoa miwili ililala gizani juu ya gesi yake.

Watu walikataa. Desemba 2012 waliandamana Mtwara mjini, na kauli yao ilikuwa fupi: gesi haitoki. Januari 2013 vurugu zikafika hadi Masasi, na Mei 22, siku bajeti ya Nishati iliposomwa Dodoma, Mtwara ikalipuka. Nyumba zilichomwa, watu walikufa, jeshi likaingia. Mtu wa Dar aliyesikia habari hizo aliwaona wale kuwa wachoyo wasiojua kwamba gesi ni ya taifa zima. Nakiri hoja hiyo ina ukweli. Lakini jiulize wangeipeleka wapi hoja yao? Mkuu wa mkoa ameteuliwa na rais. Mkuu wa wilaya ameteuliwa na rais. Mkurugenzi wa halmashauri, anayeshika mafungu ya fedha, ameteuliwa na rais. Diwani amechaguliwa, lakini diwani hamwajibishi hata mmoja wa hao watatu, na sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumweka mtu ndani saa 48. Barabarani ndipo palipobaki wazi.

Korosho inaeleza vizuri kuliko gesi, kwa sababu iko mikononi mwa watu wenyewe. Katika ghala la Amcos moja, yaani chama cha msingi cha ushirika, huko Tandahimba nilisimama karibu na mizani kutwa. Mkulima anafika na gunia, karani anachota sampuli, anapasua korosho chache kwa kisu na kutazama kokwa, anataja daraja. Gunia linapandishwa, uzito unaandikwa. Kisha stakabadhi, na ndani yake makato: ya chama cha msingi, ya chama kikuu, ya usafiri, ya gunia lenyewe, na ushuru wa halmashauri asilimia 3. Bibi mmoja alinipa karatasi yake nimsomee. "Baba, hapo wameandika ngapi?" Nilimsomea mstari kwa mstari, naye kila mstari akaguna. Hakuwa na ugomvi na makato. Alitaka kujua tu nani amekwenda na nini.

Kato kubwa kuliko yote halimo kwenye karatasi hiyo. Korosho ghafi ikitoka nje ya nchi inatozwa asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndicho kinacholipwa. Mnunuzi anaijua hesabu hiyo kabla hajataja bei mnadani, kwa hiyo anayeilipa hasa ni yule bibi. Awali sheria ilisema asilimia 65 ya tozo hiyo irudi kwenye zao lenyewe: salfa ya kupulizia dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, utafiti, miche. Juni 2018 kifungu kimoja cha Sheria ya Fedha kikaipeleka yote Hazina. Wabunge wa kusini walipiga kelele, wa CCM na wa upinzani pamoja, jambo lisilo la kawaida. Wakashindwa kwa kura.

Msimu uleule wakulima waligomea bei za mnada. Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kuibeba. Siku ile watu walishangilia, sitawasema kwa hilo. Halafu ukaja uhakiki wa mashamba ili kuwanasa wa kangomba, wale wanaonunua kwa mkulima mwenye njaa kwa vipimo vyao kabla ya msimu, na malipo yakavuta kwa miezi. Uamuzi mmoja wa mtu mmoja ulipandisha bei kwa siku moja na kuchelewesha deni la duka, ada ya shule na salfa ya msimu uliofuata.

Na hii haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Mwaka 1986/87 hazikufika 20,000. Ubwiriunga ulichangia, ni kweli. Lakini kabla yake watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikaachwa porini bila wa kuipalilia. Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa na wilaya zikakabidhiwa maofisa kwa jina zuri la Madaraka Mikoani. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa na mkulima akabaki na mamlaka moja ya zao, inayopanga bei na kulipa inapojisikia. Viwanda 12 vya kubangua vikajengwa kwa mikopo wakati korosho yenyewe inapungua. Vingine niliviona vimekuwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi inayosubiri meli ya kwenda India na Vietnam. Kila uamuzi katika hayo ulikuwa na nia njema, na hakuna hata mmoja ambao mtu wa Newala angeweza kuusimamisha. Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka 1984 alisema kwamba kama angeanza upya, kuna mambo asingeyarudia, na akayataja hayo mawili: kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika.

Wapo watakaoniuliza takwimu zinasemaje. Kwa kipimo cha Gini cha Benki ya Dunia, nchi hizi mbili zinakaribiana mno, zote ziko jirani na 40. Walioandika upendeleo, Kenya, na walioandika usawa, Tanzania, wamefika karibu palepale. Sioni ajabu, kwa sababu katika nchi zote mbili kwa sehemu kubwa ya miaka ya uhuru fedha zilikatiwa shauri mahali ambapo mfugaji wa Laisamis na mkulima wa Tandahimba hawana kiti. Nia ya aliyekaa kwenye kiti ilitofautiana. Kiti kilikuwa kilekile.

Kwa hiyo nikitakiwa kuchagua, nachukua mfumo wenye gavana mla rushwa ninayeweza kumnyima kura, na ninajua gharama yake kwa sababu nimeiona Moyale. Ila hata hilo silo nililojifunza zaidi huko. Gawio la kaunti za Kenya limeandikwa kwenye katiba. Hazina ya Nairobi hulichelewesha, magavana hulalamika, lakini hakuna waziri anayeweza kulifuta kwa kifungu ndani ya bajeti ya Juni. Asilimia 65 yetu ilikaa kwenye sheria ya kawaida, na ilitolewa huko kwa mjadala wa siku chache.

Serikali iliyofuata baada ya Magufuli ilirudisha salfa ya bure na uzalishaji ukapanda, nayo inastahili sifa. Lakini salfa ya bure ni uamuzi, na uamuzi hubadilika na anayeuamua. Wabunge wa Lindi na Mtwara, ambao kila Juni mnasimama kushukuru kwa pembejeo, acheni kuomba pembejeo. Dai lenu liwe sehemu ya tozo iliyoandikwa mahali ambapo Sheria ya Fedha haifiki, na baraza la madiwani linaloweza kumwita mkurugenzi wake, likamhoji na likamwondoa.